RATIBA ISEME KWELI

Mwezi wa Julai 2018, ndege ya kwanza aina ya Boeing 787 ya Shirika la Ndege la Tanzania ilitua Dar es Salaam, ikapokewa kwa shangwe. Habari za kuundwa kwa ndege za aina hiyo yampasa kila mfanyakazi azijue.

Mabawa yalipangwa kutengenezwa Nagoya, Japani. Sehemu za kati Grottaglie, Italia. Pua Wichita na sehemu ya nyuma Charleston, huko Marekani. Vyote vilikuwa vipelekwe Everett kuunganishwa. Wakubwa wa kampuni walitumaini kwamba hatimaye mafundi wa huko wataunganisha ndege nzima kwa siku tatu, mradi kila kipande kifike kimekamilika.

Havikufika hivyo. Pini za kuungia ziliadimika, vipande vikaja na kazi isiyokwisha, na hata karatasi za kueleza kilichobaki zilipungua. Mafundi wa Everett wakabebeshwa kazi ya viwanda vya mbali. Tarehe 8 Julai 2007 ndege ilionyeshwa mbele ya umati, kumbe imeshikizwa kwa pini za muda. Haikuruka mpaka Desemba 2009. Ndege ya kwanza, iliyoahidiwa kwa Mei 2008, ilikabidhiwa Septemba 2011.

Kweli, mwaka 2008 mafundi waligoma kwa muda wa karibu miezi miwili, nao mgomo ulizidisha ucheleweshaji. Lakini ratiba ilikuwa imekwisha kuvunjika kabla yao, na moja ya sababu za mgomo ilikuwa hiyo hiyo kazi kupewa watu wa nje. Wala onyo halikukosekana. Mwaka 2001 mhandisi wa kampuni yenyewe, L. J. Hart-Smith, aliandika kwamba mwenye kugawa kazi kwa wengine hubaki na hasara ya makosa yao. Mwaka 2009 kampuni ililazimika kukinunua kile kiwanda cha Charleston.

Sisi twasema fundisho hili si la ndege peke yake. Kinu cha kuchambua pamba kikichelewa, kiwanda cha uzi hungoja, na wafumaji huketi mbele ya mashine zilizonyamaza. Mwishowe lawama humwangukia aliye mwisho wa mstari, ingawa kosa lilianza mezani palipopangwa tarehe.

Basi wapangaji na waketi na mafundi wa kila kiwanda kabla ya kutoa ahadi. Kipande kisichokwisha kisipelekwe mbele kwa ajili ya kuipendeza kalenda. Na mfanyakazi atakayesema, “Hatutawahi,” asikilizwe siku ile ile, wala asihesabiwe kuwa mvivu au mpinzani. Wahenga walinena kwamba mipango si matumizi. Meneja anayetaka habari njema tu ataletewa habari njema, mpaka siku ile mnunuzi atakapokuja kuchukua mali yake asiikute.