Hiyo Picha ya Sayari Mnayosambaza Ni Mchoro, na Mnajua

Wacha nianze na mimi, ndio mtu asije hapa chini kuniambia nyani haoni kundule.

Mwaka jana niliposti video ya chini ya dakika moja kuhusu sayari inayoitwa b Centauri b. Nikaweka ile picha ambayo wengi wenu mmeshaiona: dude kubwa la duara limejaa mbele, nyota zinawaka kwa mbali, rangi tamu mpaka unataka uiweke kwa kioo cha simu. Nikakaza sauti nikasema, "Hii ndiyo picha halisi ya sayari yenye jua mbili." Watu walimiminika. Wiki nzima simu yangu haikulala, na mimi nikajiona nimefika.

Haikuwa picha. Ilikuwa mchoro. Na nilijua, wasee. Hakuna mtu alinidanganya. Pale nilipoitoa, kwa tovuti ya ESO, lile shirika la Ulaya lenye darubini kubwa kule Chile, walikuwa wameandika wazi kwamba ni kazi ya msanii. Hayo maandishi niliyakata kwa kidole changu mwenyewe kwa sababu yalikuwa yananiharibia stori.

Wiki tatu baadaye binamu yangu, mtoto wa shangazi, yuko Kidato cha Tatu, akanitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amechapisha ile picha saiba, kwa rangi, karatasi nzima, akaipeleka klabu ya sayansi shuleni kwao. Mwalimu wa fizikia akamuuliza kitu kimoja tu: "Aliyeipiga alikuwa amesimama wapi?" Akakosa jibu. Wenzake wakacheka. Kwa ule ujumbe hata hakunitusi. Alisema tu, "Kaka, si ungeniambia."

Hiyo "si ungeniambia" imenikalia kifuani mpaka leo. Kwa hivyo naongea na sisi wote tunaokula kupitia anga: kurasa za "ulimwengu wa maajabu", za "je, wajua", za "wanasayansi wapigwa na butwaa". Tunauza bidhaa feki, na iliyo orijino iko hapo hapo kando, bure, na ni tamu kuliko feki.

Picha halisi ipo. Ukiiona mara ya kwanza utasema, "Ndio hii tu?" Ni giza. Juu kushoto kuna mng'ao mkubwa. Hapo ndipo kuna nyota mbili za b Centauri, ziko karibu sana hadi kwa picha zinaonekana kitu kimoja. Chini kulia kuna nukta. Hiyo nukta ndiyo sayari. Halafu juu kulia kuna nukta nyingine, na hiyo haihusiki hata kidogo, ni nyota ya mbali huko nyuma iliyojipata kwa fremu kama mpita njia kwa picha ya harusi. Hakuna mawingu wala mapete.

Sasa hebu niulize swali ambalo mwalimu wa binamu yangu angelipenda. Nukta ni mbili. Walijuaje ni ipi sayari?

Uko kwa matatu usiku, mmetoka Mwingi mnaelekea Nairobi, unaangalia nje dirishani. Unaona taa mbili gizani. Ukiangalia mara moja huwezi kujua chochote, taa ni taa. Lakini ukiangalia tena baada ya dakika moja, taa moja imebaki nyuma, kumbe ilikuwa ya boma la watu. Nyingine bado iko nanyi sambamba, kumbe ni bodaboda. Ndivyo walivyofanya. Timu ya Markus Janson wa Chuo Kikuu cha Stockholm ilipiga picha mwaka 2019, ikarudi kupiga tena 2021, kwa kifaa kinachoitwa SPHERE kwenye Darubini Kubwa Sana (jina lake ni hilo, si mimi) pale Paranal, Chile. Nyota zote husogea angani, polepole mno. Katika ile miaka miwili b Centauri ilikuwa imesogea kidogo tu, na nukta ya chini kulia ikasogea nayo pamoja. Ile ya juu ikaachwa. Basi. Huo ndio ushahidi.

Na kuna kitu kingine ambacho kilinifanya niweke simu chini nikatazama dari. Walipoenda kuchimba kwa kumbukumbu za zamani, walikuta hiyo sayari ilishapigwa picha mwaka 2000, na darubini nyingine ya ESO ya mita 3.6. Mwaka 2000! Wengi wetu tunaobishana hapa tulikuwa hatujazaliwa. Nukta ilikuwa kwa picha, picha ilikuwa kwa kabati, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyejua kwamba ile nukta ni sayari. Niambie ni msanii gani atakuchorea stori kama hiyo.

Mimi nilikuwa nayo hiyo stori yote mkononi. Nikaitupa, nikachukua rangi.

Mchoro wenyewe hauna kosa, nisieleweke vibaya. Msanii alifanya kazi yake na wenye tovuti wakasema ni mchoro. Kosa ni letu sisi tunaokata maandishi. Kwa sababu ukishasema "picha halisi", kila kitu ndani yake kinageuka kuwa dai. Rangi ile inakuwa dai, na hakuna mtu ameona rangi ya hiyo sayari kwa macho. SPHERE iliiona kwa mwanga wa infraredi, ule ambao jicho la binadamu halishiki, tena baada ya kuuziba mwanga wa zile nyota katikati. Ni kama unavyoweka kiganja mbele ya uso lori likikuja na taa kali, ndio uweze kumuona mtu aliyesimama kando ya barabara. Na ilionekana kwa sababu bado ni moto. Huo mfumo una umri wa takriban miaka milioni 15. Jua letu lina miaka bilioni 4.6. Tuseme Jua ni mzee wa miaka 60, basi hii sayari ni mtoto wa miezi miwili na siku kadhaa. Joto linaloiangaza ni lile la kuzaliwa kwake, bado halijapoa.

Halafu hii mambo ya "jua mbili zikizama jioni". Ilianza na filamu ya Star Wars 1977 na haijaisha. Kila sayari ikipatikana kwa nyota pacha lazima tuweke kijana amesimama mchangani anatazama machweo mawili. Asimame wapi? Hii ni mpira wa gesi, uzito wake ni kama Jupita 11. Na iko mbali na nyota zake mara 100 kuliko Jupita ilivyo mbali na Jua. Kutoka huko zile nyota haziwezi kuonekana kama sahani mbili kubwa za dhahabu. Zingekuwa vijinukta vikali vya mwanga, vimekaribiana, basi.

Na ile "wanasayansi washtuka" tunayoiandika kwa herufi kubwa, huwa hatuelezi walishtuka na nini. Nyota mbili hizo pamoja zina uzito wa angalau mara sita ya Jua, na ile kubwa ni ya aina ya B, moto zaidi ya mara tatu ya Jua, inamwaga mionzi ya urujuanimno na eksirei. Kabla ya hapo, hakuna sayari iliyokuwa imepatikana kwa nyota yenye uzito zaidi ya mara tatu ya Jua. Wengi waliona nyota kali hivyo zingepeperusha gesi ya kutengenezea sayari kabla haijashikana. Sasa hapa iko moja, kubwa, na bado wanabishana ilizaliwaje: pengine wingu la gesi lilijikunja lenyewe kwa uzito wake, pengine ilizaliwa kwingine ikasukumwa hadi hapo. Huo ndio mshtuko.

Hata jina wanalipima. Utakuta wanaandika "kiandamani chenye uzito wa sayari", maneno marefu ya kuchosha, kwa sababu kuna mpaka wa karibu uzito wa Jupita 13, na kitu kikiuzidi kinaweza kuanza kuunguza haidrojeni nzito ndani yake, na hapo jina "sayari" linakuwa na utata. Hii ya kwetu iko chini ya mpaka, si mbali sana. Watu wenye mashine za mamilioni wanachunga neno moja, na mimi mwenye simu iliyopasuka kioo nasema "picha halisi" bila kupepesa.

Najua mtakachosema, nilikisema pia. Cha kwanza: "Hakuna mtu atabonyeza nukta." Nimejaribu. Nimefanya video mpya, nukta na mshale na ile stori ya matatu. Imepata sehemu ndogo sana ya watazamaji wa ile ya kwanza, sitawadanganya kuhusu hilo pia. Lakini komenti zimebadilika. Kwa ile ya kwanza zilikuwa "wow" na moto moto na mtu anauza sabuni. Kwa hii watu wanauliza: kwa nini ile nukta nyingine isiwe sayari pia? Nani alilipia darubini? Nyota husogea kweli?

Cha pili: "Tunawavutia watoto kwa sayansi, kuna ubaya gani?" Mtoto niliyemvutia mimi alisimama mbele ya wenzake na karatasi ya uongo. Alilipa saiba na pesa yake ya maandazi.

Cha tatu ni cha kwangu binafsi, kinakuja kila wiki: "Wewe si uliacha chuo? Unatufundisha nini?" Ndiyo, niliacha, mwaka wa pili, karo ilishinda nyumbani. Sina karatasi. Mhadhiri akikosea kuna mhadhiri mwenzake wa kumsahihisha, kuna wahariri, kuna mtihani wa nje. Nikikosea mimi hakuna mtu. Mtu ananiangalia akiwa kwa foleni ya maji, anaamini, anatumia mwenzake. Sasa niambie, kati yangu na mhadhiri, ni nani anafaa kuogopa zaidi kusema uongo?

Na saa hii imekuwa mbaya zaidi. Zamani tuliiba mchoro wa mtu aliyekaa na wanasayansi akasoma takwimu. Siku hizi unaandika maneno manne kwa programu, inakutemea "sayari" yenye bahari na mitende. Kuna ukurasa nimeona b Centauri b ina ufuo. Ufuo, bana!

Sitaki mengi. Andika neno MCHORO juu ya mchoro, kubwa, isikatike mtu akipiga skrinishoti. Halafu weka na ile nukta hata sekunde tano.

Au usiweke chochote, uwatoe watu nje. b Centauri inaonekana kwa macho, hapa Kenya, bila darubini. Katikati ya mwezi wa sita, saa tatu usiku, kama uko ushago mahali hakuna taa, tazama kusini utafute Alpha Centauri, kati ya nyota zinazong'aa zaidi angani. Nyosha mkono, pima shubiri moja kwenda juu moja kwa moja. Kuna nyota hafifu hapo, unaweza kuipita ukidhani si kitu. Mwanga wake umesafiri kama miaka 325. Sayari yenyewe hutaiona, na hiyo waambie pia.

Binamu yangu ameiona akiwa kwa shosho. Alinitumia picha aliyopiga na simu ya mamake: nyeusi tupu, ukikuza sana kuna kitu cheupe, inaweza kuwa nyota, inaweza kuwa uchafu wa kioo. Ameandika chini yake saa, tarehe na mahali alipokuwa amesimama.

Video yangu ya zamani sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba nilidanganya, ibaki hapo. Kuna kurasa tatu zilizoichukua kwangu bila kuniuliza na bado zinaizungusha na sauti yangu, mnajijua. Niliwaandikia wote. Mmoja amenibloku. Wa pili amejibu, "Boss, tuache tule." Wa tatu amesoma, alama mbili za bluu, tangu Jumapili.