Picha ya Mtakatifu Antoni na Mahindi Yenye Ukungu

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanzia kwenye picha. Katika makumbusho ya mji wa Colmar, Ufaransa, zimo mbao zilizochorwa na Grünewald kati ya mwaka 1512 na 1516 kwa ajili ya altare ya watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim, waliotunza wagonjwa. Antoni huyu ni yule Abate wa Misri, tunayemkumbuka tarehe 17 Januari. Siye yule wa Padua ambaye wengi wetu tunamsumbua tukipoteza funguo.

Ubao mmoja unaonyesha mashetani wakimvuta mzee Antoni nywele. Chini kushoto yupo kiumbe ambaye tumbo lake limevimba na ngozi imejaa majipu. Sisi wauguzi tukimtazama hatuoni shetani, tunaona mgonjwa. Watawa wale walipokea watu wenye "moto wa Mtakatifu Antoni": vidole viliwaka kwa maumivu, vikawa vyeusi kama mkaa, vikadondoka. Wengi waliona ni adhabu ya Mungu. Kumbe ni chakula! Rai, nafaka ya maskini inayofanana na ngano, ilishikwa na ukungu uitwao ergoti, na sumu yake hukaza mishipa mpaka damu haifiki miguuni. Daktari Dodart aliwaandikia wanasayansi wa Paris juu ya jambo hilo mwaka 1676, miaka 160 baada ya picha kumalizika.

Watawa hawakujua hayo. Hata hivyo waliwapeleka wagonjwa mbele ya altare wasali, kisha wakawapa mkate mzuri, wakawapaka marhamu, na kiungo kilichooza kikakatwa. Yaelekea mkate ule uliwasaidia wengi, maana waliacha kula sumu. Na tazama: katika ubao mwingine kunguru anawaletea mkate Antoni na Paulo Mkaapweke, na mbele yao imeota mimea ya dawa. Sala, mkate na dawa vimekaa mahali pamoja. Hatuoni kwa nini sisi tuvitenganishe.

(Wakunga watafurahi kusikia kwamba ergometrini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, asili yake ni ergoti hiyo hiyo. Ndiyo maana hatumpi mama mwenye shinikizo la damu.)

Huku kwetu ukungu wa mahindi na karanga ni wa aina nyingine, nao huharibu ini. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya waliugua watu 317, wakafa 125. Sumu yake haionekani kwa macho, haiishi kwa kuchemshwa, wala pombe haiisafishi. Ng'ombe akilishwa, sumu hupita kwenye maziwa. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujiwekea hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B.

Sasa tuseme lililo moyoni. Wakati wa mavuno hufika kanisani magunia ya sadaka ambayo mwenye nayo asingewapikia wanawe. Yanakwenda wapi? Kwa yatima, kwa wazee, kwenye uji wa watoto wa chekechea. Tunajua njaa ilivyo, na kumwambia mama atupe debe zima ni neno zito. Lakini kwa maoni yetu, katekista na wazee wa kanisa wayakague magunia hayo, na yenye ukungu wayakatae, hata kama aliyeleta ni mtu mkubwa.

Kipimo kipo. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha acha itulie dakika chache. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishwe juani, juu ya turubai, siyo juu ya udongo.