Jiko linakula kuni, wewe unakula moshi
Wenzangu wa Ngara na Biharamulo, mafiga matatu mpaka lini? Joto lote linakimbilia pembeni, sufuria inaambulia kidogo. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipojaa Benaco, miti ya jirani iliisha hivyo hivyo, jiko la udongo likahimizwa. Mimi nasema tulijenge na sisi. Changanya udongo na nyasi zilizokatwakatwa, zungushia mafiga, acha mdomo mdogo wa kuni na upenyo wa moshi. Likauke kabisa ndipo uwashe, la sivyo litapasuka. Kuni ziwe kavu, nyembamba. Maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe. Na wewe kaka unayedai chakula, shoka unalijua kweli? Dada yako yuko porini anatafuta kuni, bwana, na giza linaingia.