Kuchoka kisha Covid si uvivu

Kwenye mugodi tunasikia: «Ule ni mvivu tu, Covid alishapona zamani.» Sisi tunakataa neno hilo. Tangu mwaka 2021, OMS inatambua ugonjwa huu: miezi 3 kisha kuambukizwa, mutu angali na uchovu, pumzi fupi ao kusahau-sahau, na inadumu miezi 2 ao zaidi. Hata aliyeugua kidogo inaweza kumupata.

Nani yuko katika hatari zaidi? Aliyelazwa hospitali, mwenye asma, sukari ao unene, mvuta tumbaku, na asiyechanjwa. Wanawake pia kuliko wanaume: basi mama nyumbani asiambiwe anajifanya.

Halafu sisi tuko na vumbi ya mawe. Inaharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu mulango. Kikohozi kikipita wiki 2, twende kwa munganga wapime makohozi, tusiseme «ni Covid tu».

Wakubwa wa kazi, siku 3 za kupumzika hazitoshi. Mumupe mugonjwa kazi nyepesi kwanza, bila kukata mushahara. Anayeogopa kufukuzwa ataficha ugonjwa mpaka aanguke shimoni, na watoto ndio watalipa.