TAHARIRI: Rampu ya uani iruhusiwe, jirani naye asikilizwe

Julai 26, 2021, pale Tokyo, wasichana watatu walipanda jukwaani kuvishwa medali za Olimpiki. Momiji Nishiya wa Japan, dhahabu, miaka 13. Rayssa Leal wa Brazil, fedha, miaka 13. Funa Nakayama wa Japan, shaba, miaka 16. Jumlisha umri wa wote watatu unapata 42. Kipa Essam El-Hadary wa Misri alidaka Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45, peke yake.

Mchezo wenyewe ni skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao wengi wetu tumezoea kuuona kwenye sinema za Kimarekani. Tokyo ndiko ulikoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Paris 2024 ukarudi tena. Tunajua msomaji wa kurasa hizi kafungua gazeti kutafuta habari za usajili. Avumilie kidogo, maana hili jambo linamhusu kuliko anavyodhani.

Mtoto anayechukua medali ya Olimpiki akiwa na miaka 13 alianza lini, na alianzia wapi? Kwenye mpira jibu tunalo. Alianza akiwa na miaka minne au mitano, nyuma ya nyumba, na mpira wa makaratasi na kamba, akavunja kioo cha jirani, akakimbia. Kwenye skeitibodi jibu ni hilohilo, tofauti ni kwamba yeye anahitaji kitu cha kutelezea. Anahitaji rampu, yaani mteremko wa mbao au zege uliopindwa kama bakuli. Na huko mchezo ulikozaliwa, rampu nyingi zilijengwa nyumbani, uani, na baba mwenye msumeno au vijana wenyewe.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Jirani anasema ni kelele. Manispaa inasema hakuna kibali. Mama mwenye nyumba anauliza mtoto wa watu akivunjika mkono nani atamlipia hospitali. Msimamo wa meza hii ni kwamba rampu za uani ziruhusiwe kwenye makazi ya watu, kwa masharti yanayoeleweka, na yule jirani asichukuliwe kama adui wa michezo. Ana hoja.

Tuanze na California. Mwaka 1976 na 1977 kulikuwa na ukame mkali, mabwawa ya kuogelea ya majumbani yakaachwa makavu. Vijana wakawa wanaruka uzio wa watu na kuteleza humo, wenye nyumba wakirudi wanakuta alama za magurudumu ukutani. Vikajengwa viwanja vya kulipia, vikajaa. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 vingi vilikuwa vimeshafungwa, kwa sababu gharama za bima ya ajali ziliwashinda wenye viwanja. Mchezo ulipona kwa rampu za mbao kwenye nyua za watu. Kizazi cha akina Tony Hawk, yule aliyezunguka hewani mara mbili na nusu kwenye mashindano ya mwaka 1999, kilipita katika kipindi hicho. Manispaa zilianza kujenga viwanja vya umma kwa wingi baadaye, hasa baada ya sheria ya California iliyoanza kutumika 1998 kuzipunguzia hofu ya kushtakiwa kila mtoto anapoanguka.

Brazil nako ni hivyo hivyo. Pedro Barros, aliyechukua fedha ya wanaume Tokyo, alikulia Florianópolis kwenye nyumba yenye bakuli la kutelezea, kazi ya baba yake. Rayssa Leal tuliyemtaja juu alijulikana duniani akiwa na miaka 7 tu, kwa video fupi: kavaa gauni la bluu lenye mabawa, anaruka ngazi za mtaani na ubao wake, anaanguka, anainuka, anarudia mpaka anapatia.

Sasa waliopiga marufuku walipata nini? Norway ilikataza skeitibodi mwaka 1978. Tena haikukataza kuteleza barabarani tu, ilikataza kuuza ubao na kuumiliki. Sababu ilikuwa nzuri kabisa, watoto wasiumie. Vijana wakahamia msituni, wakajenga rampu mafichoni, mbali na macho ya polisi na, tuongeze, mbali na mtu mzima yeyote ambaye angewakimbiza hospitali wakivunjika. Marufuku ikaondolewa 1989. Jiji la São Paulo lilijaribu hivyo hivyo mwaka 1988 chini ya meya Jânio Quadros, na meya aliyefuata, Luiza Erundina, akaifuta mwaka uliofuata. Brazil hiyohiyo ilitoka Tokyo na medali tatu za fedha za mchezo uliowahi kufukuzwa kwenye mitaa ya jiji lake kubwa kuliko yote.

Mtoto ukimnyima mahali, atatafuta mahali pengine, na hapo pengine mara nyingi ni barabarani. Dar es Salaam mnawaona vijana wa viatu vya magurudumu wanavyopenya katikati ya magari kwenye foleni. Dereva wa daladala anapiga honi, bodaboda anakwepa, kijana anacheka. Siku asipocheka ndio tunaandika habari yake kurasa za mbele, siyo huku kwetu.

Msidhani haya ni mambo ya Wazungu na Wabrazili tu. Kampala, kwenye mtaa wa Kitintale, upande wa kuelekea Luzira, mwaka 2006 Jackson Mubiru na wenzake walimwaga zege kwa mikono yao katikati ya makazi ya watu wa kawaida, wakapata uwanja wa kwanza wa skeitibodi Uganda. Hakuna tenda iliyotangazwa, na hakuna mgeni rasmi aliyesubiriwa. Watoto wa mtaa wakaazimana ubao mmoja kwa zamu, kama sisi tulivyoazimana viatu vya njumu. Nairobi, kule Kangemi, kituo cha kulelea watoto cha Shangilia kilipata uwanja wake 2013, ndani ya eneo lake lenyewe. Majirani wa sehemu hizo mbili ni watu kama sisi, wanaanika nguo, wana wagonjwa ndani, wana watoto wachanga.

Turudi kwa jirani, maana hapa ndipo penye kazi.

Kelele kwanza. Rampu ya plaiwudi iliyopigiliwa juu ya fremu, chini pakawa wazi, ni ngoma. Kila mtoto akitua, ngoma inalia. Ukingoni juu huwekwa bomba la chuma, na ekseli ya ubao ikikwaruza pale ndio inatoka ile sauti ya kukera meno. Jirani anayelalamika hajidekezi. Lakini ngoma hii inazibika. Weka viroba vya mchanga chini yake, ziba pembeni, ongeza tabaka la pili la mbao, na magurudumu yawe ya plastiki laini badala ya yale magumu. Anayetaka utulivu zaidi amwage zege, ambalo halina mvumo kama wa mbao. Ubaya wa zege ni kwamba ukihama nyumba huondoki nalo, na mwenye nyumba wako atakukata kwenye kodi ya pango.

Pili ni stara, na hili kwenye nchi za wenzetu wanalitaja kidogo kuliko inavyostahili. Rampu ina jukwaa juu, mahali pa kusimamia kabla ya kushuka. Jukwaa likiwa na mita 1.2, na mtoto ana mita 1.5, macho yake yanavuka ukuta wa kawaida wa mita 2 bila shida. Ng'ambo ya ukuta kuna mtu anaoga kwenye bafu la nje, au mama kakaa na kanga moja anachambua mchele. Hapo jirani akija juu, yuko sahihi. Dawa yake ni rahisi: jukwaa lielekezwe upande wa nyumba ya mwenye rampu, lisiegemee ukuta wa mpaka, au pawekwe kizuizi cha makuti. Kama hilo haliwezekani kwenye ua huo, basi rampu isijengwe kwenye ua huo. Hatuna maneno mengi hapo.

Kuumia, ni kweli, wanaumia. Vifundo vya mikono huvunjika, magoti huchubuka. Kofia ngumu na vikinga viwe sharti, asiye navyo asipande, na mtu mzima wa nyumba hiyo awepo. Lakini mtu wa mpira asijifanye mtakatifu. Tumeshazoea kuona mchezaji anatolewa kwa machela huku tukimzomea kwamba anapoteza muda.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri zisisubiri mpaka kesi ya kwanza ifike polisi. Rampu ndogo, isiyozidi mita moja na nusu kwenda juu na inayoweza kubomolewa, isidaiwe michoro na kibali kama ghorofa. Itazamwe kama banda la kuku. Mwenye nyumba aandike barua serikali ya mtaa, majirani wanaopakana naye waulizwe kwanza, wasije kushtukizwa na fundi. Siku za shule iwe saa 10 hadi saa 12 jioni. Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi, ila ikifika saa 12 jioni kimya. Mtaani kukiwa na msiba, ubao unawekwa stoo mpaka matanga yaishe, wala hilo halihitaji kuandikwa. Wageni wasizidi idadi ambayo mwenye nyumba anaweza kuisimamia. Malalamiko yakija mara ya kwanza ni mazungumzo, mara ya pili ni onyo, mara ya tatu rampu inabomolewa kwa gharama za aliyeijenga. Miji kadhaa ya Marekani ina kanuni za namna hii za urefu, saa na umbali kutoka uzio, na ugomvi umebaki kuwa wa kawaida tu kama ule wa mbwa na takataka.

Tunasikia mtu anauliza, ua gani? Ni swali zuri kuliko yote, na tukiliruka tutakuwa tumeandika tahariri ya watu wa Masaki na Mbezi Beach peke yao. Wasomaji wetu wengi wamepanga. Ua ni mmoja, wapangaji sita, kuna jiko la mkaa, kuna ndoo za maji, kuna pikipiki ya mtu. Pale rampu haikai. Ndiyo maana ruhusa hii isiishie kwenye nyua za watu binafsi. Mtaa wenye kipande chake cha wazi uruhusiwe kutenga kona, kama Kitintale, kwa masharti hayohayo na majirani haohao wakiulizwa.

Na hapa tunajua watu wa mpira watashtuka, wakidhani tunataka kuwamegea kiwanja cha chandimu, ambacho chenyewe kimeshamegwa na fremu za maduka. Tufanye hesabu. Rampu ndogo yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 9 inachukua mita za mraba 36. Eneo la penalti la uwanja rasmi ni zaidi ya mita za mraba 660. Kwenye boksi moja zingeingia rampu 18. Adui wa kiwanja cha mtaa hajawahi kuwa mtoto mwenye ubao, na kila mtu anamjua aliyekuja na tepu ya kupimia na karatasi yenye mhuri. Siku akirudi tena, watoto wa mpira na watoto wa skeitibodi wakiwa pamoja pale na wazazi wao, atakuta watu wengi zaidi wa kumuuliza maswali.

Tumeacha moja. Sisi mashabiki wa soka ndio watu wa mwisho Afrika Mashariki wenye haki ya kulalamikia kelele za mwenzetu. Siku ya Simba na Yanga mitaa hailali. Spika zinatolewa nje tangu asubuhi, vuvuzela zinapigwa mpaka usiku wa manane, msafara wa bodaboda unazunguka mara tano nyumba ya mtu ambaye timu yake imefungwa, na jirani asiyependa mpira, maana wapo, anavuta shuka kichwani anasubiri pambazuke. Hajawahi kutuandikia barua serikali ya mtaa. Mtoto wake akiomba mbao nne na misumari kilo mbili, tuanze sisi kumsaidia kubeba.