Rwanda: Muuguzi aliyetibu kwa simu na mkataba uliovunjika kabla ya wakati

Rwanda ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 14 Machi 2020. Wiki moja baadaye wananchi waliamriwa kubaki majumbani, safari baina ya wilaya zikapigwa marufuku, na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria. Aliyehitaji matibabu aliruhusiwa kutoka, lakini ruhusa haikumpatia usafiri mama anayeishi mlimani, saa kadhaa kwa miguu kutoka kituo cha afya.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na simu. Tangu mwaka 2016 kampuni ya Babyl, tawi la Babylon Health ya London, ilikuwa ikitoa matibabu kwa njia ya simu nchini humo. Mgonjwa alibonyeza *811# hata kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti, kisha akapigiwa na muuguzi. Tatizo lililomzidi muuguzi lilipelekwa kwa daktari, na maagizo ya dawa au vipimo yakafika kwa ujumbe mfupi wenye namba ya siri ya kuonyeshwa dukani au maabara. Mwezi huohuo wa Machi 2020 serikali iliingia na kampuni hiyo mkataba wa miaka 10, uliohusisha bima ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé. Zaidi ya watu milioni 2 walijiandikisha.

Sikio badala ya mkono

Kwa muuguzi, mabadiliko hayo hayakuwa madogo. Elimu yake imejengwa juu ya macho na mikono: kugusa paji la uso, kutazama utando wa jicho, kusikiliza kifua. Kwenye simu anabakiwa na swali tu. Mama akisema mtoto ana homa, muuguzi huuliza: Je, ananyonya au kunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea au haamki? Jibu moja baya latosha kumwagiza mama aondoke mara moja kwenda kituoni.

Yapo pia ambayo humwelekeza mama ayafanye mwenyewe. Hupandisha nguo ya mtoto aliyetulia na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto mwenye kikohozi wa miezi 2 hadi chini ya 12, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya kushuku nimonia. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kazi hiyo humtaka muuguzi awe na subira na lugha nyepesi, na awe tayari kukiri kwamba mgonjwa huyu hatibiki kwa simu.

Anayesaidia kijijini

Rwanda haikuanzia patupu. Kila kijiji kina wahudumu wa afya wa kujitolea, waliochaguliwa na majirani zao. Hawalipwi mshahara, hupata motisha kupitia vyama vyao vya ushirika. Wao hupima malaria, huhesabu pumzi, na tangu majaribio ya mwaka 2009 wilayani Musanze, hutuma taarifa za wajawazito kwa ujumbe wa simu. Palipokuwa na mhudumu wa namna hii, mgonjwa alikuwa na jirani wa kumpima.

Kilichoanguka

Agosti 2023 Babylon Health, iliyokuwa imeingia soko la hisa la New York mwaka 2021, iliporomoka kifedha, na huduma zake Rwanda zikasimama. Mkataba wa miaka 10 ulidumu takriban mitatu na nusu. Wauguzi hawakuwa wameshindwa kazi, wala wagonjwa hawakuwa wameacha kupiga simu. Mlango wa huduma ulifungwa kwa sababu ya hesabu zilizoharibika mbali sana na Kigali, ilhali wahudumu wa kujitolea vijijini walibaki palepale.

Kwa Uganda somo hili li karibu. Mwaka huohuo wa 2020 usafiri wa magari binafsi ulipopigwa marufuku hapa nchini, wajawazito walitakiwa kwanza kutafuta kibali cha mwakilishi wa rais wilayani (RDC), sharti ambalo baadaye liliondolewa. Nasi tunao wahudumu wa kujitolea wa vijiji, VHT, tangu mwaka 2001.

Janga jingine likija, serikali itakayotaka kutibu kwa simu yapaswa kuwa na majibu mapema. Kumbukumbu za wagonjwa ni mali ya nani mwenye kampuni anapofilisika? Anayejitolea atalipiwa na nani muda wa maongezi na chaji ya simu? Na kwa msikilizaji wa Kiswahili lipo la tatu: muuguzi asiyekuona atakuelewa kwa lugha ipi? Ana kwa ana, ishara ya mkono yaweza kuonyesha panapouma. Kwenye simu, neno lisipoeleweka, mgonjwa hana njia nyingine ya kujieleza.