Skrubu na Msumeno: Kwa Nini Haki ya Kutengeneza ni Suala la Umma

Mwezi uliopita nilimshikia fundi tochi wakati akikata kwa msumeno wa chuma pipa la mashine yangu ya kufulia. Beringi ilikuwa imekufa. Beringi yenyewe si kitu: huuzwa Kariakoo kwa bei ya kilo chache za sukari. Lakini pipa la plastiki lililoizunguka liliunganishwa kiwandani kwa joto, vipande viwili vikawa kimoja, pasi na skrubu hata moja. Muuzaji alinishauri ninunue pipa zima, kwa bei iliyokaribia nusu ya bei ya mashine mpya. Fundi akacheka kidogo, akasema: “Mwalimu, ugonjwa ninauona, mlango ndio sina.”

Kauli ile ilinirudisha Iowa, Marekani, nilikokuwa mwanafunzi wa uzamivu. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, na katika chumba cha chini ya nyumba yake ilisimama mashine ambayo mwanzoni niliidhania pambo: pipa la alumini juu ya miguu minne, na juu yake mkono wenye rola mbili za mpira za kukamulia nguo. Ilikuwa Maytag ya miaka ya 1940, urithi kutoka kwa mama yake. Kila Jumatatu aliifulia.

Siku moja mota ilivuma lakini mapezi ya kukorogea nguo hayakusogea. Bibi hakupiga simu popote. Alinipa bisibisi na spana, akanionyesha kijitabu kilichochora kila kipande na namba yake. Tulikuta mkanda umekauka na kupasuka; tukaupima, nikaenda kununua mwingine katika duka la vifaa vya kawaida. Mapezi yalikuwa yameng'ang'ania mhimili wake kwa utando wa sabuni na chokaa ya miaka mingi; tulimwagia maji ya moto, tukasubiri, tukayavuta polepole mpaka yakaachia. Waya wa umeme ulikuwa na ganda lililomeguka kama mkate mkavu, tukaweka mpya wenye waya wa ardhi. Ilipofika jioni mashine ilikuwa inafua. Mimi, mtu wa vitabu, nilikuwa nimetengeneza kitu kilichonizidi umri.

Alinifundisha pia kuitumia. Pipa hujazwa maji ya moto na sabuni mara moja. Huanza nguo nyeupe, zikafuata za rangi, na mwisho nguo za shambani, zote katika maji yaleyale. Kila fungu hupitishwa kwenye rola na kuangukia beseni la maji safi, kisha hukamuliwa tena kabla ya kuanikwa. Vifungo hukunjiwa ndani visije vikavunjika. Na kabla ya yote, mtumiaji hujifunza mahali ilipo komeo ya kuachia rola, kwa kuwa rola hazitofautishi shuka na vidole.

Nataja vidole makusudi, nisije nikadhaniwa ninalilia zama zilizopita. Mashine hizi ziliponda mikono ya watoto kiasi kwamba madaktari wa Marekani walilipa jeraha hilo jina lake. Wala hazikumkomboa mwanamke kama matangazo yalivyoahidi. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983, alionyesha kwamba vyombo vya nyumbani vilipunguza uzito wa kazi lakini si saa za mama wa nyumbani: viwango vya usafi vilipanda, na kazi zilizokuwa zikifanywa na wengine zikamrudia yeye peke yake. Sitetei rola. Ninachotetea ni skrubu.

Historia ya mashine hii inaeleza kwa nini. Maytag, kampuni ya mji wa Newton, Iowa, iliwauzia wakulima waliokuwa mbali na nyaya za umeme. Serikali ya Roosevelt ilipoanzisha wakala wa umeme vijijini mwaka 1935, takriban nyumba moja tu kati ya kumi za mashambani ndiyo iliyokuwa na umeme. Kwa hiyo mashine nyingi ziliuzwa na injini ndogo ya petroli chini ya pipa. Mnunuzi wa namna hiyo asingeweza kungoja fundi wa kampuni, na mashine iliundwa ikimtambua kuwa mtu mwenye mikono na akili. Mashine za kujiendesha zenyewe ziliingia majumbani tangu 1937, lakini Maytag iliendelea kuunda ya rola hadi 1983, na jamii za Waamishi zinaitumia mpaka leo.

Watatokea wa kusema kwamba ugumu wa mashine za leo ni gharama ya maendeleo. Kwa elektroniki, huenda wana hoja. Lakini pipa langu halikushindikana kwa sababu ya elektroniki. Lilishindikana kwa sababu mtu, katika ofisi fulani, aliamua kuyeyusha plastiki mahali pa kutia skrubu. Huo ni uamuzi, na uamuzi hujibiwa kwa sheria. Tangu Machi 2021, Umoja wa Ulaya unawalazimisha watengenezaji wa mashine za kufulia kuhakikisha vipuri muhimu vinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni, na vibadilishwe kwa zana za kawaida. Mwaka 2024 umoja huo ukaongeza sheria ya haki ya kutengeneza. Sheria hizo zinamlinda anayenunua Berlin. Anayenunua Kariakoo anabaki na msumeno.

Hapa ndipo ninapowageukia wasomaji wangu watumishi wa umma. Kila zabuni ya mashine za kufulia za hospitali, majokofu ya chanjo au mashine za kuchapisha ina ukurasa wa masharti. Nani kati yenu ameandika humo kwamba muuzaji alete kitabu cha ufundi, ataje bei za vipuri na athibitishe kwamba chombo hufunguka bila kuvunjwa? Hakuna haja ya kusubiri sheria mpya ili kuandika sentensi tatu. Shirika la Viwango, linalopima usalama wa bidhaa zinazoingia nchini, lingeweza pia kuuliza kama zinatengenezeka. Nanyi wanaharakati, mnaposema juu ya taka za kielektroniki, msianzie jalalani. Anzieni kwenye mlango uliozibwa kiwandani.

Methali yetu inatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga walidhani, kwa haki kabisa, kwamba ukuta ni wako na hakuna atakayekuzuia kuugusa. Leo tunauziwa kuta ambazo nyufa zake haziruhusiwi kuzibwa, kisha tunalaumiwa kwamba hatuna utamaduni wa kutunza vitu.

Fundi wangu alimaliza. Alibadilisha beringi, akatoboa matundu kuzunguka pipa, akalifunga kwa bolti na gundi ya silikoni. Sasa pipa lile linafunguka. Amelifanyia kwa jioni mbili kile ambacho kiwanda kilikataa kukifanya, na mashine inafua. Lakini ingekuwa heri kwa taifa ikiwa mtu mwenye ujuzi huo angetumia jioni zake kutengeneza mashine nyingine tano, badala ya kukata kwa msumeno kile kilichopaswa kufungwa kwa skrubu.